Kabichi za Wodi ya Wazazi

Kabla ya kuwapima wajawazito presha, nesi Veronika alichukua beseni akavuna ukuta. Alianza upande wa mlango, ambako karoti huota zikiwa zimelala, majani yakining'inia usawa wa bega. Karoti ya humo huvutwa taratibu, mkono mwingine umeushika ukuta, la sivyo plasta nayo inakuja. Kwenye kona ya dirisha kulikuwa na kabichi kubwa. Hiyo aliiacha. Ilikuwa haijafunga vizuri.

"Kama unataka za supu, chukua," alimwambia Winfrida, aliyekuwa anaingia na begi la vifaa mgongoni na mwanawe kiunoni. "Za jana zimeshapanda lori la Dar."

Winfrida alishukuru, akamkalisha mtoto mkekani. Alikuwa anasomea shahada ya uzamivu ya usimamizi wa ujenzi kwenye chuo kimoja huko Morogoro mjini. Utafiti wake ulihusu majengo ambayo serikali inaleta simenti, na wanakijiji wanachangia mchanga, mawe na nguvu zao. Kituo hiki cha afya, huku juu Mgeta, alikichagua kwa sababu ni kwao. Na kwa sababu mdogo wake Jesca alikuwa na mimba, na angejifungulia humu humu, chini ya ile kabichi.

Alitoa nyundo ya kupimia zege, akaibana ukutani. Zege zuri huirudisha nyundo. Ukuta huu uliipokea mpaka kwenye mpini, na ulipoiachia zikadondoka njegere. Mtoto akaanza kuziokota.

"Usile mbichi, mama," Winfrida alimwambia, akaandika alichokiona.

Ilivyokuwa, kila mtu alijua. Wakati wa ujenzi mto ulijaa, mchanga haukuchoteka, na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Mzee Eustace, akawaambia kina mama wakwangue udongo wa kwenye matuta ya mashamba yao, maana mgeni rasmi alikuwa ameshapangiwa siku. Kina mama wakaubeba kwa ndoo, wakiimba. Udongo wa Mgeta hauna mazoea ya kukaa bure. Simenti nayo ilifika, ikalala kijijini, kisha ikateremka mjini na lori lile lile, imefunikwa majani ya vitunguu. Mzee Eustace ana nyumba ya wageni mjini ambayo ukuta wake haupigiki msumari. Picha zote zimeegemezwa sakafuni.

Mzee Eustace alikuwa mjomba wake Winfrida, kaka wa mama yake. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama na mjomba ndiye anayeigawa. Matuta ambayo mama yake Winfrida alilima tangu usichana, aliyalima kwa ruhusa ya kaka yake. Kwa hiyo mama, alipoitambua kabichi yake ukutani, alisema tu kwamba imepata nafasi nzuri.

Winfrida alimkuta mjomba nje, anaongea na kina mama waliosubiri kliniki.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutugongagonga tena?"

"Nimekuja kuomba wodi ifungwe, ijengwe upya. Jesca atajifungulia humo."

"Ifungwe? Wewe ulizaliwa wapi? Si chini ya mgomba, mvua inakunyeshea? Leo wenzako wanazaa chini ya bati, unataka nifunge." Akawageukia wale wa kwenye benchi. "Wodi yenyewe inazaa kuliko nyie!"

Kina mama walicheka. Winfrida naye alicheka kidogo, kwa sababu ilichekesha.

"Simenti ilienda wapi, mjomba?"

"Ilienda kwenye kazi ya simenti," alisema Mzee Eustace, bila hasira. "Msalimie mama yako. Mwambie yale matuta bado ni yake."

Winfrida alielewa. Alimbeba mtoto, akashuka mjini.

Maabarani nako alikuta mambo yako sawa. Utaratibu ni kwamba vipande vya zege vya kupimwa huchotwa kwenye zege lile lile linalomwagwa. Vya wodi hii vilichotwa kwenye nyumba ya wageni. Mashine ilihangaika kuvivunja. Kwenye karatasi, wodi ya wazazi ilikuwa imara kuliko benki.

Msimamizi wake, Dokta Kibwana, aliisoma sura ya matokeo huku akitafuna moja ya karoti za ushahidi.

"Winfrida, hapa umeandika 'ubovu'."

"Ndiyo, Dokta."

"Ubovu wa nini? Mimi naona ukuta unaolisha wagonjwa. Dunia nzima inahangaika na majengo ya kijani. Wewe unalo, unaliita bovu."

"Linainama, Dokta."

"Hilo liweke kwenye mapendekezo ya utafiti zaidi. Tamu hizi! Mnazipaka nini?"

Winfrida alimweleza tena habari za simenti. Dokta Kibwana alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hilo ni suala la kiutawala, na yeye anasimamia taaluma. Jioni ile, mtoto akinyonya, Winfrida alibadilisha. Kila palipoandikwa "nyufa" aliweka "matundu ya kuoteshea". Kazi haikuchukua muda. Kisha alimbadilisha mtoto nepi, naye akalala.

Siku ya kuitetea tasnifu, watahini waliipenda. Mmoja aliuliza kama stroberi zingeweza kuota humo. Winfrida alijibu kwamba zingeweza, upande usiopigwa na jua la mchana. Alifaulu, akapigwa picha, na mwezi uliofuata akapanda gari la Mgeta.

Aliwakuta wanampokea Jesca wodini. Mvua ilikuwa imenyesha, na ukuta wa dirishani ulikuwa umeinama kuja ndani. Haukuanguka, kwa sababu kina mama wanaosindikiza wagonjwa walikuwa wameshajipangia zamu ya kuuegemea. Nesi Veronika aliwapanga kwa vimo, warefu dirishani, wafupi kwenye karoti. Wakienda kunywa chai wote kwa pamoja, ukuta unashuka. Kwa hiyo hawaendi pamoja.

"Hongera, Dokta," alisema nesi. "Kaa pale umpumzishe mama yako."

Mama aliinuka, akanyoosha kiuno. Kitenge chake kilikuwa na tope mgongoni. Winfrida alikaa mahali pake, akaegemea. Ukuta ulikuwa na joto la shamba lililopigwa jua. Mzizi mmoja ulimpapasa uti wa mgongo, ukatulia, ukapita pembeni.

Jesca alipoanza kusukuma, Mzee Eustace alitokea dirishani na wageni wawili wa serikali waliovaa buti safi. Walikuwa wameisoma ile tasnifu na kuidhinisha wodi nyingine kama hii kwa vijiji vya jirani.

"Huyu ndiye dokta wetu," alisema Mzee Eustace. "Mtoto wa dada yangu. Ametafiti mwenyewe."

"Dokta," mgeni mmoja aliinama, "huu ukuta uko imara?"

Winfrida alimtazama Jesca, ambaye alikuwa ameuma khanga na kufumba macho. Akausukuma ukuta kidogo zaidi kwa mabega.

"Kwa sasa hivi, nikiwa hapa, uko imara."

Mgeni aliandika kwamba uko imara.

Mtoto alizaliwa jua likiwa bado juu, wa kiume, analia vizuri. Jesca aliita, "Dada, njoo umwone mwanao."

"Siwezi kutoka. Mleteni."

Wakamleta. Winfrida alimpakata huku ameegemea, akamfuta kipande cha jani kwenye paji la uso, akamnusa. Alinukia maziwa na udongo. Huko nje kina mama walikuwa wameanza kuimba, wanateremka kutoka mashambani.

"Nani ananipokea?" aliuliza.

Mama yake alikuwa bado ananyoosha mgongo. Na wale wengine wote walikuwa na ndoo za udongo kichwani.