Mkia wa Farasi Chini ya Ua

Kila kulipokucha, kabla moto wa chai haujashika, Kerubo alikuwa ameshapiga magoti kando ya ua wa matete, mkono umepenya upande wa Mzee Lokosang, anachomoa. Ungemwona ungedhani anaiba bamia. Laiti zingekuwa bamia, angeomba msamaha yakaisha.

Vilikuwa vijiti vya kijani, vyembamba, havina majani wala maua, vina vifundo kama mianzi iliyodumaa. Mwuza miche wa Nairobi alimwambia vinaitwa mkia wa farasi, vinapendeza hotelini, vinataka maji tu. Kerubo akavipanda pale panapomwagwa maji ya vyombo, na kweli hoteli yake ndogo ya mtaa wa Hai Mauna, Juba, ikapendeza, hadi watu wa mashirika wakawa wanapigia picha hapo. Ila mwuza miche hakumwambia kwamba mizizi yake hutambaa chini kwa chini, na ukiikata kwa jembe kila kipande kinaota.

"Ungevipanda ndani ya karai," alisema Christabel, mpishi wake, akikanda unga. "Sasa umemlimia mwenye kiwanja shamba."

"Punguza sauti, dada."

"Nipunguze ya nini? Mzee hana macho?"

Hofu ya Kerubo ilianzia hapo. Lokosang ndiye aliyempangisha nusu ya kiwanja. Mkataba wa amani ulipotiwa sahihi alirudi kutoka ukimbizini Uganda, akamkuta Reath, jirani wa upande wa pili, ameshasogeza ua na kupanda miti mpakani. Juba ya siku hizo aliyetaka ardhi yako hakuja na panga, alikuja na mche. Mzee aliisimulia habari hiyo kwa kila mnywaji chai, na kila mara alimalizia kwa kuapa: mwingine akinijaribu, anatoka siku hiyo hiyo na masufuria yake.

Basi Jumapili mzee alipokwenda Rejaf kanisani, Kerubo akachimba mtaro kufuata ua, azike mabati kuizuia mizizi. Alikuwa amefika katikati, matope hadi magotini, kivuli kikamwangukia.

"Mama Kenya," alisema Lokosang. "Wewe iko napima nini?"

Kerubo akautazama mtaro, mabati, jembe. Ndipo akaona alichokuwa anakifanya.

"Sipimi, mzee wangu. Ni haya majani. Yamevuka kwako, naona aibu, kila siku nayang'oa."

Lokosang aliinama, akavunja kijiti kimoja penye kifundo.

"Ukikata, inarudi?"

"Inarudi."

"Ukichoma?"

"Tulimwaga majivu ya moto. Yakanenepa."

"Na mtu hawezi jua nani alipanda?"

"Yanajipeleka yenyewe, mzee."

Lokosang aliketi juu ya mabati, akaitisha chai. Alikunywa huku akiutazama ua wa Reath muda mrefu.

"Khalas, basi. Wewe kaa," alisema mwishowe. "Kesho unanipatia mizizi kidogo, kwa kopo."

Christabel alisubiri mzee aondoke. "Na Reath anakula hapa kila siku, na wageni wake wote. Utampa mzee hiyo mizizi?"

"Nisipompa tutalala wapi?"

Asubuhi Kerubo alijaza kopo la maziwa mizizi na udongo. Akainua birika la chai linalochemka, akaimimina yote humo, kopo likatoa moshi. Lilipopoa akalipeleka kwa mikono miwili, kwa adabu zote, na mzee akaenda kupanda usiku chini ya ua wa Reath.

Siku hizi Kerubo haonekani tena akipiga magoti kwenye ua wake. Lakini Reath akiagiza chapati, huletewa na Kerubo mwenyewe hadi nyumbani kwake. Akishaiweka sahani mezani hukawia, shingo ndefu, akichungulia chini ya ule ua.

"Umepoteza kitu, dada?" Reath humuuliza.

"Bado," husema Kerubo.