Ng'ombe wa Nyamburi Wanapiga Hesabu

Ng'ombe kumi na wawili wa mahari ya Nyamburi walifika Mugango Jumanne wakitokea Bunda, na kufikia Alhamisi walikuwa wanapiga hesabu. Mwekundu ndiye aliyeanza, huku akicheua: "Ishirini na saba mara kumi na tisa, mia tano kumi na tatu." Mzee Wanzagi akahakikisha kwenye simu. Kweli tupu. Akawaongezea chumvi.

Hesabu zilikuwa za Nyamburi, binti yake. Alikuwa kidato cha pili, wa kwanza darasani, akitaka kuwa injinia wa maji maana alichoka kupandisha ndoo mlimani na ziwa liko pale pale. Alipopelekwa kwa mume, hesabu zilibaki zizini. Huko Bunda sasa hawezi hata kuhesabu vidole vya mwanawe.

Kaka yake, Faustine, hakutaka kuwa chochote. Baba ndiye aliyemwandikia "injinia" kwenye fomu ya shule. Kila asubuhi alikuwa anapelekaga daftari zizini, mwekundu anamtajia majibu, na mwalimu anasifu: "Wavulana bwana, hesabu ziko damuni." Damuni! Jamani!

Mwezi wa kumi Nyamburi alikuja kusalimia, mtoto mgongoni. Alipitia zizini kwanza, akamnong'oneza kila ng'ombe sikioni. Baba akauliza kulikoni.

"Nimewaaga tu, baba."

Siku ya mtihani wa kidato cha nne, msimamizi alimruhusu mwekundu asimame dirishani, mradi avuliwe kengele. Faustine akasoma swali la kwanza. Mwekundu akajibu, "Mwenyewe yuko Bunda. Kamuulize." La pili, hivyo hivyo. Faustine akayaandika yote, kwa mwandiko mzuri. Akapata sifuri. Habari zilipofika Bunda, Nyamburi alicheka mpaka akakaa chini. "Na bado," akasema.

Mzee Wanzagi aliwaswaga ng'ombe wote mnadani. Aliporudi alimtazama binti yake mdogo, Rebeka, wa miaka kumi na minne, akiandika kazi ya shule.

"Huyu hesabu zinampanda kuliko dada yake," akamwambia mkewe. "Tutapata ng'ombe wazuri."

Rebeka alisikia. Tangu wiki ile kila jaribio anapataga sifuri, na kukosa maswali yote hamsini ya kuchagua si kazi ya mjinga. Kwenye fomu, palipoulizwa anataka kuwa nani, aliandika "mama wa nyumbani."

Mwalimu akaigonga muhuri. "Si nilisema? Wasichana hesabu haziwapandi."