Bi Mkubwa Amehama

Bi Mkubwa alikuwa jiwe, na katika ofisi ile hakuna mtu aliyeaminiwa kumzidi. Jiwe jeusi, kubwa kama lori, limekaa kwenye tuta la mawe na udongo mbele ya barafu ya mlimani, miguu yake majini. Walimpa jina hilo kwa sababu kila kitu kingine kwenye picha kilikuwa na safari zake. Mawingu yalipita, theluji ilikuja ikaondoka, na barafu yenyewe ilirudi nyuma mwaka hadi mwaka, kama mgeni anayetafuta mlango bila kuaga.

"Umshike Bi Mkubwa kwanza," fundi wa kamera alimwambia Macho siku ya kwanza kazini. "Hata mume akikuhama, yeye yupo."

Macho ndilo jina alilopewa pale, kwa ajili ya miwani yake minene. Alikalia kiti kilichochanika mgongo, mbele ya ukuta wa skrini, na kila skrini ilikuwa na mlima wake na nchi yake. Huko milimani kamera zilifungwa kwenye vyuma vilivyochimbiwa mwambani. Zilijilisha kwa jua, zikapiga picha saa baada ya saa mchana kutwa, zikazituma. Kazi yake ilikuwa kuzipanga picha hizo zifuatane, ili miaka ya barafu ipite machoni pa mtu kabla chai haijapoa.

Lakini upepo wa milimani hauna adabu. Huitingisha kamera, picha ya leo ikakaa upande kidogo kuliko ya jana. Kwa hiyo kabla ya kupima chochote, Macho aliisogeza kila picha mpaka Bi Mkubwa akae palepale alipokaa jana. Baada ya hapo ndipo alipotazama barafu imerudi kiasi gani na ziwa limejaa kiasi gani. Kwa maana barafu ile iliacha ziwa nyuma yake, na kilicholizuia ziwa lisishuke bondeni ni lile tuta tu.

Bondeni aliishi dada yake. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsuka nywele, akamchapa, akampeleka chuo.

Msimu wa joto ulipoanza, maji yalianza kumpanda Bi Mkubwa. Jiwe lile lina mshipa mweupe kiunoni, kama mkanda. Maji yaliyokuwa magotini yakafika mapajani, yakaukaribia mkanda. Macho aliziendesha picha mbele, akazirudisha, akaziendesha tena.

Bosi alikuja akasimama nyuma yake, kikombe mkononi.

"Tutapeleka taarifa kwa wahusika," alisema. "Wao ndio wanaotangaza. Sisi tunapima."

"Watatangaza lini?"

"Wakishathibitisha."

"Na nani atakwenda kuthibitisha? Njia ya kule bado imefungwa na theluji."

Bosi alikunywa chai. "Ndiyo hivyo. Tusubiri."

Macho alikwenda chooni, akajifungia, akapiga simu.

"Dada, ondokeni hapo. Leo."

"We mtoto, hata salamu hakuna?"

"Shikamoo. Ondokeni hapo. Ziwa linajaa, tuta halitalibeba. Naliona kwa macho yangu."

"Unaliona ukiwa wapi?"

"Ofisini."

Dada alicheka, akamwita mumewe. "Shemeji yako anauliza kama huko ofisini unaona pia alipoiacha koleo yake."

"Dada, sijawahi kukuomba kitu nikiwa nalia."

Kicheko kikakatika. "Unalia?"

Alasiri ile nyumba ya dada ilihama kwenda shuleni, kilimani, na majirani walipoona magodoro yanabebwa, nao wakabeba yao. Mama mkwe wa dada, aliyekuwa hatembei, alibebwa kwenye blanketi, watu wanne, kila mmoja na pembe yake. Kwenye mteremko shemeji aliteleza, pembe moja ikaachia. Bibi akavunjika nyonga.

Walikaa madarasani, watu wazima wakilala chini ya madawati. Kila asubuhi walichungulia bondeni, na kila asubuhi mto ulikuwa uleule, na nyumba zao zilikuwa zimesimama, zimefungwa kufuli, kama zinawazomea. Mwishowe mmoja akashuka, kisha wengine. Ng'ombe walioachwa bila kukamuliwa walikuwa wamevimba viwele. Nyumba mbili zilikuwa zimevunjwa na wezi.

Aliyegundua kosa ofisini ni fundi wa kamera, naye aligundua akiwa hata hatafuti. Alikuja kuazima chaja, akatupia jicho skrini wakati Macho anaziendesha picha.

"Hiyo milima ya nyuma inafanya nini?"

"Ipi?"

"Hiyo. Inapanda."

Macho alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kweli. Mbali nyuma ya ziwa, vilele vya mawe matupu vilikuwa vinapanda taratibu pamoja na maji, kama mkate ndani ya tanuri. Na milima haikui kwa wiki.

Fundi aliondoa mpangilio wote, akazishika picha kwa vile vilele badala ya jiwe, akaziendesha upya. Milima ikatulia. Maji yakatulia, hayakupanda hata kidogo. Ni Bi Mkubwa aliyekuwa anashuka, siku hadi siku, miguu, magoti, mapaja, kama mama anayeingia kuoga mtoni. Miezi yote Macho alimshika asisogee, kwa mikono yake mwenyewe, na kwa kumshika akaisogeza dunia yote iliyobaki.

Fundi, mtu wa maneno mengi, alijikuna kisogo.

"Kumbe naye ana miguu," alisema mwishowe.

Bosi alipoonyeshwa, alipumua kama mtu aliyetua mzigo. "Basi maji hayajapanda. Afadhali."

"Jiwe limekaa juu ya nini?" Macho aliuliza.

"Juu ya tuta."

"Na linazama ndani ya nini?"

Wote watatu walijua. Ndani ya tuta lile kulikuwa na barafu ya zamani, iliyofukiwa na udongo, iliyokuwa ikiyashikilia mawe yake. Nayo sasa ilikuwa inayeyuka kimyakimya, ndani kwa ndani, mahali ambapo kamera haioni. Lini tuta litaachia? Wiki hii, au baada ya miaka kumi. Picha zilijua kusema jana tu.

"Tutapeleka taarifa," bosi alisema. "Na wewe utawapigia watu wa bondeni, uwaombe radhi. Wameleta malalamiko. Uwaambie ulikosea kipimo, ziwa halijajaa, waishi kwa amani. Ukikataa sitaweza kukutetea."

Hakupata nafasi ya kujibu. Simu yake ilikuwa inaita, na aliyepiga ni dada.

"Mdogo wangu, nimeweka sauti kubwa," dada alisema. Nyuma yake zilisikika sauti nyingi, uani kwake, na mtoto aliyekuwa akilia. "Majirani wako hapa. Hawanisalimii tangu turudi. Mume wangu haongei nami, anakwenda hospitali peke yake kumtazama mama yake. Sikuombi makubwa. Sema umekosea, utusamehe, yaishe."

Macho alishika tama. Mbele yake skrini ilikuwa imeganda kwenye picha ya mwisho: jua, maji matulivu, jiwe limebaki mabega. Picha nzuri, ya kutundikwa sebuleni.

"Bibi anaendeleaje?"

"Hawezi kukaa. Sema, mdogo wangu."

"Mpe pole yangu. Kwa nyonga yake silali."

"Sawa. Na sisi?"

"Dada, maji hayajapanda. Hapo nilikosea."

Sauti zikavuma uani. Mtu mmoja alipiga makofi. Mwanamume mwingine akasema, "Si niliwaambia? Msichana wa picha."

"Tuta ndilo linalozama," Macho aliendelea. "Linayeyuka kutoka ndani. Sijui litakatika lini, na hakuna anayejua."

"Basi unataka tufanye nini?" Sauti ya dada ilikuwa imechoka. "Turudi tukalale chini ya madawati mpaka lini?"

Alimtazama bosi, bosi akatazama kikombe. Alimtazama fundi, fundi akatazama sakafu.

"Sijui," alisema.

"Hujui. Basi omba radhi tulale."

"Nikiomba mtalala kweli."

"Ndicho tunachotaka."

"Najua."

"Umenilea mimi au nimekulea wewe?" Dada sasa alikuwa analia. "Mbele ya watu hawa wote, neno moja tu. Unaniacha na aibu hii peke yangu?"

Kwenye skrini picha mpya iliingia, ikaifunika ile ya zamani. Macho hakuisogeza. Aliiacha ikae ilivyokuja.

"Dada, nikwambie wewe na wao wote wanaosikia. Siombi radhi."