Gauni Moja la Kanisa

Jumatatu saa kumi na mbili jioni, Maximilla alichemsha robo kabeji bila chumvi, akamenya yai moja, akaketi mezani. Karatasi ya mlo huo wa kupunguza uzito ilikuwa imekaa ndani ya kitabu chake cha nyimbo miaka thelathini na moja. Zamani hizo ilimtoa kilo tisa. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mitano, na alihitaji kupunguza kumi na mbili.

Kanisa lao lina gauni moja la harusi na kila bibi harusi huazimwa hilo hilo. Halipanuliwi. Suti ya bwana harusi hushonwa kwa kipimo chake. Mara ya kwanza gauni lilimkaa Maximilla vizuri, kisha mama yake, Roda, akafa juma lile lile la harusi, nayo harusi ikasitishwa. Yeye na mchumba wake, Khaemba, wakaishi tu hivyo bila ndoa ya kanisa, wakamzaa Tracy na wadogo zake, wakalea, na miaka yote hiyo hakuruhusiwa kushiriki Meza ya Bwana. Sasa kanisa limeamua kufungisha ndoa wazee. Zamu yake ni mwezi wa nane.

Alipouma kabeji, Roda aliingia kwa mlango wa jikoni na sahani ya obusuma, ugali wa kwao, na mboga ya murere, moshi bado ukifuka.

Khaemba aliposikia sauti ya mkwewe alibeba redio yake, akatoka kwa mlango wa mbele, kama inavyompasa mkwe asikutane na mama mkwe.

"Hii uliikataa Jumatatu ile ya juma la harusi," Roda alisema. "Ukanidanganya umeshiba. Nikaifunika."

"Mama, gauni je?"

"Kwani gauni ndilo lilikuzaa? Nilikufa sahani zako zikiwa zimefunikwa. Kula."

Maximilla akala. Kila jioni Roda alileta nyingine. Alhamisi ilikuwa kuku, na firigisi juu yake.

"Hiyo firigisi si ya mwenye boma pekee?"

"Nilimwibia babako. Tafuna haraka."

Siku ya harusi zipu iligoma katikati ya mgongo. Edah, mtunza gauni, aliguna. "Mama Tracy, si karatasi ulikuwa nayo?"

Roda alisimama nyuma ya bintiye, akashika pande mbili za gauni kwa mikono miwili, hakuachilia mpaka ibada ikaisha. Khaemba alitoa kiapo akitazama dirishani, kwa heshima ya mkwewe. Kisha Maximilla akapewa mkate, kipande kidogo kama ukucha. Akaanza kulia.

Roda alichungulia juu ya bega lake. "Ni haka tu walikunyima miaka yote?"

Jumatatu gauni lilifuliwa, likaanikwa. Halikupanuliwa. Edah akampa Emily, bibi harusi wa mwezi wa tisa, nakala ya karatasi ya kabeji, akamwambia anahitaji kupunguza kilo saba. Kisha akamuuliza kama kwao kuna marehemu yeyote mwenye mikono ya nguvu.