Tiketi Mia Sita za Nzuki

"Mama Mumo, hebu niambie: kati ya hao wote waliosomwa majina, ni wangapi walirudi kuitazama mara ya pili?"

Fatuma aliuliza hivyo akiwa upande wake wa ua, anaanika mashuka, wala hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa jirani wa miaka ishirini, mke wa Habibu fundi redio. Ila Nzembi alikuwa ametoka tu kumweleza, kwa mara ya tatu juma lile, kwamba filamu ya Justus imeuza tiketi elfu mbili na mia nne, jambo ambalo halijapata kuonekana Machakos nzima. Akaokota ndoo yake akaingia ndani.

Filamu hiyo ilimhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Ilikuwa juu ya Kimeu, mumewe, aliyefukiwa na ukuta wa mchanga katika shimo la mtoni alimokuwa akichimba mchanga kwa kibarua, karibu na Muthetheni, miaka sita iliyopita. Justus, mtoto wa shemeji yake, alikuja nyumbani, akaiegemeza simu yake kwenye bakuli la sukari, akamwomba aseme yote. Nzembi akasema yote. Alieleza jinsi Kimeu alivyorudi nyumbani Jumanne akisema ukuta una ufa unaomeza mkono hadi kiwikoni. Jinsi alivyomwonyesha msimamizi ufa huo, na msimamizi akamjibu kwamba anayeogopa mchanga aende akauze nyanya. Jinsi alivyorudi kazini Alhamisi, kwa kuwa asiyefika siku moja nafasi yake hupewa mwingine. Mchana wa Alhamisi hiyo ndipo watu walipokuja kumwita Nzembi. Justus alisikiliza huku machozi yakimtoka. Nzembi aliyaamini machozi yale, na baadaye hakuna kitu alichokuja kukichukia kama machozi yale.

Filamu yenyewe hakuwa ameitazama. Wakristo waliookoka wa rika lake hawakuzoea kwenda sinema, na yeye hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Alichokijua ni uzinduzi, ambako alitoka kabla ya picha kuanza, na uzinduzi ulikuwa harambee, kwa sababu hapa kwetu hatujui namna nyingine ya kumfanya mtu afungue pochi. Mshereheshaji alizunguka ukumbini na kipaza sauti kama mtu anayeswaga mbuzi.

"Mama wa kitenge pale, usiangalie dari, dari hainunui! Sema ngapi!"

"Kumi!"

"Kumi ni za mtu na paka wake! Fika ishirini tulitaje jina lako mara mbili!"

Wakanunua. Wakanunua kama wanavyonunua wakati zahanati inajengwa, ili wasikike. Aliyechukua thelathini alikuwa barabarani kabla taa hazijazimwa. Aliyechukua hamsini hakufika kabisa, alipiga simu tu. Wiki iliyofuata Nzembi aliiona tiketi moja ndani ya Biblia ya mwenyekiti wa akina mama, imekaa kwenye Zaburi kama alama ya ukurasa, haijakatwa hata pembe. Zote zilihesabiwa. Justus aliziandika zote mtandaoni kama watazamaji, akapongezwa na watu wasiojua hata Machakos iko upande gani.

Kisha akasimama Nzuki, mwenye malori ya mchanga. Alifunga kifungo cha koti, akangoja ukumbi unyamaze, na ukumbi ukanyamaza.

"Mia sita," alisema.

Vigelegele vilikaribia kung'oa mabati. Nzembi alitoka mahali pake, akapita katikati ya viti mbele ya watu wote, akampa Nzuki mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto kwa heshima, magoti yamekunjwa kidogo. "Mungu akuzidishie," alimwambia, na aliisema kwa moyo wote. Shimo lililomfukia Kimeu lilikuwa la Nzuki. Hilo halikuwa siri. Nzembi alidhani kwamba huenda hivyo ndivyo mtu mkubwa anavyoomba msamaha bila kufungua mdomo. Alitembea na wazo hilo miezi miwili. Lilimpa usingizi, na kila alipoitaja ile elfu mbili na mia nne alijihisi anawatajia watu hesabu ya waliomlilia mumewe.

Swali la Fatuma ndilo lililompeleka mjini siku ya Jumatano, saa nane mchana, wakati filamu inaonyeshwa bila mshereheshaji, bila mgeni wa heshima na bila chakula. Alikaa nyuma karibu na mlango, mkoba mapajani, akasali kimya kwanza. Kisha akatazama huku na huku, akahesabu vichwa: tisa, na chake mwenyewe kimo. Mmoja alikuwa anakoroma.

Picha ikaanza, na Kimeu akatokea akipepesuka. Alikuwa ameshika chupa. Suruali ilikuwa inamteremka, anaivuta, inateremka tena. Kimeu, shemasi, ambaye hata pombe ya asali ya siku ya mahari yao aliipitisha kwa aliyeketi kando yake bila kuinusa! Nzembi alidhani amekosea ukumbi. Lakini jina lilikuwa lilelile, na shimo, na mto. Yule mlevi akamtukana msimamizi aliyemsihi kwa upole arudi nyumbani akalale. Akashuka shimoni akiimba, akaegemea ukuta, akaanza kujikojolea, na ukuta, uliokuwa mzima kama ukuta wa benki, ukamwangukia. Vijana wawili mbele walicheka mpaka mmoja akapiga kiti kwa kofi. Ufa haukuwamo. Jumanne haikuwamo. Mwishoni tajiri wa malori alifika msibani na gunia la mchele, akalia vizuri kuliko mjane.

Nzembi hakulia. Alitoka akiwa mkavu, akapanda mlima hadi nyumbani kwa miguu, na njiani alikutana na watu watatu waliomsalimu. Aliwajibu wote vizuri.

Jumapili, baada ya ibada, Justus alikuja na karatasi ndani ya faili ya plastiki. Alimkuta Habibu ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, ameitoa redio ya Nzembi matumbo yote. Justus alimsalimu kama mtu anayesalimia kiti, akaketi, akapewa chai.

"Mwaitu," alianza. Ndivyo alivyomwita kwa Kikamba, mama yetu, alipokuwa na haja. Siku nyingine alimpungia mkono tu kutoka garini. "Mwaitu, tumewaangusha hata wa ng'ambo. Pale Athi River kuna filamu yao, wamemwaga mamilioni, na ile wiki ya kwanza hawakufikisha nusu yetu. Elfu mbili mia nne! Siku moja!"

"Na siku ya pili?" Habibu aliuliza, macho yakiwa redioni.

"Mzee, siku hizi watu wanaangalia ufunguzi. Ukifungua na kishindo, umemaliza."

"Umemaliza kweli. Maana hujarudiwa."

Justus alicheka kwa pua. "Wewe uko na ujuzi gani wa sinema, Baba Asmaa? Ama ni ule wa hizo redio?"

"Niko na miaka kumi na minne ya kuzungusha mashine hapa mjini, kabla ukumbi wa zamani haujageuzwa ghala la unga. Ulikuwa bado hujazaliwa uanze kututangazia." Habibu alipuliza vumbi kwenye waya. "Kulikuwa na picha moja ya Kihindi. Wiki ya kwanza viti vitupu, mpaka nikaona haya kuzima taa. Wiki ya tatu naona watu wanatoka Mitaboni na mbaazi zao, asubuhi wako sokoni, mchana wako kwangu, na magunia wameyaweka chini ya viti. Nani amewaambia? Hakuna bango, hakuna kipaza sauti. Aliyeiona amemwambia shemeji yake. Wiki ya tisa wanaimba zile nyimbo kabla mimi sijafika hapo, na hakuna hata mmoja anayejua Kihindi. Hiyo naweza kusema iliuza. Hii yako watu waliilipia ndio waende nyumbani mapema."

"Pesa ni pesa, mzee. Tiketi haiulizwi ilinunuliwa na roho gani."

"Jumatano nilikwenda," Nzembi alisema.

Wote wawili walimgeukia. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, kama mtu anayengoja zamu yake kliniki.

"Tulikuwa tisa," aliendelea. "Mmoja alikuwa amelala."

"Jumatano si siku nzuri, mwaitu. Watu wako kazini."

"Justus. Kimeu alikuwa anakunywa?"

Justus alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani. "Mwaitu, filamu si kanisa. Lazima uelewe biashara. Mlevi akianguka shimoni, ukumbi unacheka, halafu unalia kidogo, mtu anaenda nyumbani ameridhika. Mtu timamu akianguka shimoni, watu wanaanza kuuliza hilo shimo ni la nani. Hiyo haiuzi. Nani atakuja kuangalia hiyo?"

Habibu aliacha kushughulika na redio.

Nzembi alimtazama mtoto huyu wa shemeji yake, shati lake jeupe, viatu vyake vyenye ncha, na kwa mara ya kwanza hakumwona kama kijana aliyefika mbali. Alimwona mdogo sana. Akajaribu kumkasirikia, na hasira haikuja. Kilichokuja kilikuwa baridi zaidi ya hasira, na hakikuishia kwa Justus. Kiliwafikia waliosomwa majina, kikamfikia mama mwenyekiti na Zaburi yake, kisha kikamrudia yeye mwenyewe, katikati ya ukumbi, magoti yamekunjwa, ameushika mkono wa Nzuki na kumwombea azidishiwe. Mia sita. Watu walipiga makofi, na yeye alipiga pia.

"Nzuki aliisoma lini hadithi yako?" aliuliza taratibu. "Kabla Kimeu hajalewa, ama baada?"

Nje, kuku wa Fatuma walikuwa wanagombania kitu. Justus aliifungua faili ya plastiki, akaifunga, akaifungua tena.

"Mambo ya nyuma tuyaache, mwaitu. Nimekuja kwa mema. Tunatengeneza ya pili, na hii ni yako. Mjane. Vile ulibaki peke yako na mtoto, ukaomba Mungu, ukasimama." Aliisogeza karatasi mezani, akaweka kalamu juu yake. "Bila sahihi yako wadhamini hawaingii. Na tayari kuna mtu ameahidi tiketi elfu moja. Elfu moja, hata kabla hatujaanza!"

"Na mimi nitakuwa nakunywa nini?"

Habibu alikohoa, akainama haraka kutafuta parafujo ambayo haikuwa imeanguka.

"Mwaitu, usiwe hivyo. Utaonekana Kenya nzima. Sahihi tu, hapa chini."

Nzembi aliinuka. Katika miaka yote ya nyumba ile hakuwahi kumwacha mgeni na kikombe kilichojaa. Mamake alimfundisha hivyo na yeye akamfundisha mwanawe Mumo. Alifunga kitambaa chake cha kichwa, akakaza fundo. Akavaa viatu vyake vya ibada, vilivyokuwa mlangoni, kimoja kisha kingine, bila haraka, huku kalamu ikiwa bado juu ya karatasi.

"Mwaitu?" Justus aliita, kwa sauti ya mwenye filamu. Kisha, mguu wa Nzembi ulipovuka kizingiti, akaita tena, na safari hii sauti ilikuwa ya mtoto: "Mwaitu, unaenda wapi?"

Kulia kulikuwa na njia ya kanisani, ambako akina mama walikwisha anza kukusanyika kwa maombi ya jioni. Nzembi alifungua lango, akashika ya kushoto, ile inayoteremka hadi barabara kuu, mahali ambapo malori ya Nzuki husimama kupoza injini, akaenda kuwauliza madereva aliko tajiri wao.