Kumbikumbi Ndani ya Fremu

Kosa lenyewe Opendi alilifanya saa tatu asubuhi, tena kwa mbwembwe. Aliushika ule waya wa gia wa zamani, uliokuwa umepita ndani ya fremu ya baiskeli tangu huko mitumba inakotoka, akauvuta wote kwa mkupuo mmoja kama anang'oa magugu, akautupa. Kisha akauingiza waya mpya kwenye tundu mojawapo karibu na usukani, akangoja uchomoze kule nyuma karibu na gurudumu. Akangoja sana. Mtu mwenye akili zake angefunga uzi kwenye mkia wa waya wa zamani kwanza, ili ukitoka uuachie mwenzake njia. Lakini Opendi alikuwa na miaka thelathini ya kutengeneza baiskeli pale Tororo, baiskeli za heshima, ambazo waya zake zinapita nje kila mtu akiziona, sasa nani angemwambia nini?

Binti yake, Babra, alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, kavaa jezi na kofia ya mbio tayari. Mbio zilikuwa zinaanza saa nane mchana, kutoka Tororo mpaka Busia. Kwa miaka miwili baiskeli za Babra zilitengenezwa na Maloba, fundi wa Busia upande wa Kenya, kijana mwenye sumaku ya kuvutia waya na maneno mengi. Hii ilikuwa ya kwanza kumletea baba yake.

"Baba, ikikushinda uniambie mapema," Babra alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma mzee. "Nimpigie Maloba aje na boda."

"Inishinde mimi? Hii?"

Saa tano ilipofika alikuwa ameshaitikisa, ameipindua, ameisemesha na kuitukana. Alikuwa ameinyonya hata. Ndiyo, alichomeka uzi mbele, akaweka mdomo kwenye tundu la nyuma akavuta pumzi, eti uzi ufuate hewa, na kilichofuata ni kutu na buibui mmoja mkavu. Mbio hazikuwa zinamtisha. Alichoogopa ni ile simu mkononi mwa Babra, maana akimpigia Maloba leo, basi hataleta baiskeli hapa tena maisha yake yote. Atakuwa anakuja Krismasi na kilo mbili za sukari, kama mgeni.

Aliondoka akaenda nyuma ya kibanda kutema kutu, na huko akawaona. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na kwenye kichuguu kumbikumbi walikuwa wameanza kuchungulia. Sasa, mtu wa Tororo anajua mambo mawili kuhusu kumbikumbi: wanafuata mwanga, na ukiwapigia ngoma juu ya kichuguu wanadhani ni mvua, wanatoka wenyewe. Opendi akasimama pale kinywa wazi.

Alirudi na kumbikumbi watano ndani ya kikombe. Akamnyofoa mmoja mabawa, akamfunga uzi wa cherehani kiunoni, akamsukuma kwenye tundu la mbele lililokuwa karibu naye.

"Washa tochi ya simu, mulika tundu la nyuma," akamwambia Babra. Kisha akachukua spana mbili, akaanza kugonga fremu pole pole: tu-tu-tu, tu-tu-tu.

"Baba, unaipigia baiskeli ngoma?"

"Mulika."

Wa kwanza aligeuka akarudi alikotoka. Wa pili alikufa, na wa tatu akamfuata. Wa nne, lo! Huyo akashika safari, na uzi ukaanza kufunguka kidogo kidogo. Opendi akaogopa kwamba ngoma peke yake haitoshi, akaanza na kuimba.

Basi mdundo ule mtu akiusikia msimu wa mvua haulizi, anachukua sufuria kwenda kuokota kitoweo. Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Ekwaro, jirani, amekuja mbio na sufuria kubwa ya msibani, na watu kama kumi nyuma yake.

"Wako wapi?" akauliza akihema.

"Ndani," Opendi akajibu bila kuacha kugonga.

"Ndani ya nini?"

"Ya fremu."

"Wako wangapi?"

"Mmoja."

Mzee Ekwaro akaitazama sufuria yake, akamtazama Opendi, akaitazama tena sufuria. Mnadhani waliondoka? Wapi! Mama mmoja akasema mdundo huo ni wa jioni, kumbikumbi wa mchana wanataka wa haraka. Mwingine akapokea wimbo. Dakika mbili hazikuisha, watu kumi na mbili walikuwa wanaiimbia baiskeli saa sita mchana, na sufuria zinapigwa. Babra alikuwa anamulika huku anauma mdomo asicheke.

Kisha kichwa kikatokea kwenye tundu la nyuma. Sufuria zikashushwa. Hata Opendi akasimamisha spana. Kumbikumbi akatoa miguu, akatoa kiuno, na uzi nyuma yake, mzima, haujakatika. Hapo mkono wa Mzee Ekwaro, wenyewe, kwa mazoea ya miaka sabini, ukaenda ukamdaka ukamtia mdomoni.

"Usimeze!" Opendi akapiga kelele.

"Nini?" akasema mzee, akameza.

Banange, jamani! Uzi sasa ulianzia karibu na usukani, ukapita ndani ya fremu yote, ukatokea nyuma, ukaingia ndani ya Mzee Ekwaro. Opendi alimshika mabega kwa mikono miwili. "Mzee, nakuomba. Usikohoe, usicheke, usiende mahali."

Watu waliposikia mzee asichekeshwe, wakaangua kicheko. Babra akaudaka uzi kwa vidole viwili pale pale kwenye mdomo wa mzee, akaukata kwa wembe.

"Na kile kipande kilicho ndani?" mzee akauliza kwa wasiwasi.

"Hicho kitatoka bila ngoma," Opendi akasema.

Wakafunga waya mpya kwenye uzi, wakavuta taratibu, na waya ukatokea nyuma unang'aa. Waya wa pili, ule mfupi wa gia za mbele, ambao asubuhi aliuvuta pia, Opendi akaupitisha kwenye tundu la mbele lililobaki. Saa nane kasoro robo Babra akaondoka.

Opendi alimfuata kwa boda mpaka Busia. Babra aliongoza njia nzima, lakini kwenye mwinuko wa mwisho akaanza kuhangaika na vishikio vya gia, mara huku mara huku, na wasichana watatu wakampita. Akawa wa nne.

Mwisho wa mbio Maloba alikuwepo. Aliinua gurudumu la nyuma, akabonyeza kishikio cha kushoto, na gia za nyuma zikaruka. Akabonyeza tena, haamini.

"Mkono wa kushoto unabadilisha gia za nyuma? Dunia nzima ni wa kulia. Nani amekufanyia hii maneno?"

Ndipo Opendi akakumbuka. Matundu ya mbele yalikuwa mawili, na yeye kwa haraka zake alimwingiza kumbikumbi kwenye la kushoto, waya wa nyuma ukaishia kwenye kishikio cha kushoto.

"Mimi," Babra akasema. "Nilimwambia Baba aweke hivyo. Mimi natumia mkono wa kushoto."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

"Lete nikurekebishie. Dakika kumi tu."

"Acha, Maloba. Kama kuna cha kurekebisha, Baba atarekebisha Jumatatu."

Opendi akainama haraka kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndara. Akabaki huko chini, anashughulika na vidole vyake, mpaka Maloba alipoondoka.