Meno ya Binti wa Mkandarasi

Asubuhi, kabla ya kengele ya shule, daktari wa meno alimwambia mwalimu wa darasa la kwanza asuuze kinywa na kutema, ingawa hapakuwa na damu ya kutema. Jino lilikuwa limeondoka jana yake. Halikung'oka wala halikuuma. Kabla ya chai lilikuwapo, baada ya chai halikuwapo, na ufizi ulikuwa umejifunga vizuri kama mlango wa mtu aliyehama.

"Baba aliapa tena?" daktari aliuliza huku akifuta kioo chake kidogo.

"Aliapa. Mbele ya kamati. Kwa kichwa changu, kama kawaida."

Baba yake alikuwa mkandarasi. Alijenga ukuta wa soko kwa mchanga mwingi na saruji ya kunusisha tu, ukuta ukamwangukia fundi mwashi usoni, ukamwachia uhai na kumnyang'anya meno yote. Kamati ya uchunguzi ilipomwita, mkandarasi hakuapa kwa Mungu, kwa sababu alikuwa mcha Mungu. Aliapa kwa mwanawe: "Kwa kichwa cha mwanangu, saruji ilitosha." Kila alipoapa, jino moja la binti lilikwenda zake. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakumjua mkandarasi huyu, aliyekuwa amezaa mtu wa kuingia kisimani badala yake.

Shuleni walishazoea. Darasa zima la kwanza lilikuwa likisoma kwa kitembe, na mwalimu mkuu alisema muhimu ni kwamba wanasoma.

Binti alikuwa bado kwenye kiti fundi mwashi alipoingia na mkewe. Daktari alimfungua fundi kinywa akaona meno madogo, meupe, ya kike, yamekaa kwenye ufizi mpana kama watoto waliokalia viti vya wakubwa. Aligonga gego moja kwa kichokoo chake.

"Hili nililiziba mwenyewe mwaka jana," alisema. "Lakini si kwako."

"Linatafuna vizuri," fundi alisema. Aliona aibu, akamgeukia binti. "Nisamehe, mwalimu. Mimi sikuliita."

"Nimeliita mimi," mkewe alisema. "Nilimwomba Mungu jino kwa jino. Sasa haraka ile, mwalimu, na uchungu ule, sikukumbuka kutaja la nani."

"Ungeomba upya," binti alisema.

"Nimeomba. Naona lile la kwanza bado linashughulikiwa."

Jioni binti alimwendea baba yake. Alikuta ameshamlowekea mkate kwenye maziwa, ameliondoa na ganda, kwa sababu alimpenda mwanawe kwa dhati na hakuna aliyewahi kulitilia shaka hilo.

"Baba, nimebakiwa na mawili."

Mkandarasi alilia. Machozi yalikuwa ya kweli, yalidondokea kwenye bakuli.

"Kesho nitasema ukweli, mwanangu. Nitasema saruji niliipunguza."

"Kweli, baba?"

"Kwa kichwa chako."

Binti alipitisha ulimi. Lilikuwa limebaki moja. Alikula mkate wake, akamshukuru, akaenda kulala.

Kesho yake kamati ilikaa kwenye ukumbi ule ule wenye feni isiyozunguka. Mkandarasi aliapa kwamba saruji ilitosha, na jino la mwisho la binti likaenda. Mwenyekiti akamwita fundi mwashi aonyeshe alivyoumia, fundi akafungua kinywa, na wajumbe wakapita mmoja mmoja kutazama. Meno yalikuwa kamili, na yalitunzwa vizuri.

"Sasa aliyeumia yuko wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Si yake hayo!" mke wa fundi alisema. "Ni ya mwalimu yule pale!"

"Mwalimu ana malalamiko?"

Binti alisimama akasema maneno mengi, kwa utulivu, akianzia kwenye mchanga na kuishia kwenye mkate wa jana. Hakuna neno lililoshikika. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kutokuwa na malalamiko, akafunga shauri. Inauma kusema, lakini hata watu wema walipiga makofi, maana mgonjwa alikuwa amepona.

Ukuta ulibaki umelala sokoni, na mtu wa kuujenga upya alihitajika. Mkandarasi alikuwa palepale na alikuwa anaufahamu. Walimpa.

"Na mara hii hautaanguka?" mwenyekiti aliuliza.

"Kwa kichwa cha mwanangu," mkandarasi alisema, "hautaanguka."

Kwenye benchi la nyuma fundi mwashi aliinamisha uso, akaufunga mdomo juu ya meno ya watu. Pembeni yake binti alipitisha ulimi kwenye ufizi mtupu, akafumba jicho la kulia, akautazama ukumbi kwa la kushoto. Kisha akabadilisha. Feni ilikuwapo, baba yake alikuwapo, anatabasamu. Akaanza tena na la kulia.